Mguu Mzima Nilioutuma Nairobi

Aibu hii ni yangu, sikuiazima kwa mtu, na kama ningekuwa na uwezo wa kuizuia isisimuliwe ningeizuia, lakini imeshanitangulia kila mahali: nikifika soko la mifugo, watu hutazama miguu yangu kwanza, wa kushoto kisha wa kulia, ndipo wainue macho waseme salaam aleikum. Nimeona basi heri niisimulie mwenyewe kwa mpangilio wake, maana wanaoisimulia wengine wameiongezea chumvi (yuko mmoja aliyekuwa akieleza watu kwamba nilikatwa mguu, nami nimesimama nyuma yake kwa miguu yote miwili). Mimi sikusoma, sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo ninayesema ni mimi na anayeandika ni mjukuu wangu Habiba, ambaye nimemwamuru aandike kila neno kama lilivyotoka kinywani na asicheke mpaka tumalize.

Jina langu ni Galgalo, naishi Chechelesi hapa Isiolo, na kazi yangu ni udalali wa ngamia na ng'ombe tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi. Nyumbani kwangu mimi ni mtu mkali. Mjukuu akidanganya, hata kama ni jambo la kikombe kilichovunjika, humsimamisha katikati ya sebule mpaka aseme kweli mbele ya wote, na hakuna anayekula kabla kweli haijasemwa. Nataka mlijue hilo mapema, ili mtakapofika mbele muone nilianguka kutoka urefu gani.

Lazima pia mjue namna tunavyouza mifugo siku hizi. Zamani mnunuzi alikuja mwenyewe, akamfunua mnyama mdomo akamtazama meno, akamzunguka mara tatu. Sasa mnunuzi yuko mbali, anataka picha kwenye simu kabla hajatuma lori, na mimi katika mambo hayo ya picha nimekuwa fundi. Mnyama huogeshwa kwanza, akapakwa mafuta kidogo ili jua limwitikie, akasimamishwa ubavu wake mzuri ukielekea simu na ubavu wenye kovu ukielekea ua. Sikuwahi kuuhesabu huo kuwa uongo. Niliuhesabu kuwa adabu, kwa sababu hata mtu anayekwenda kuposa havai shati lililoraruka.

Sasa, Ijumaa ya wiki ile Kabale alikuwa anaolewa. Kabale ni mjukuu wangu wa kwanza, dada yake huyu anayeandika. Baba yao, mwanangu, alifariki Kabale akiwa mdogo, na siku ya mazishi mtoto yule alinishika kanzu akaniuliza ni nani sasa atakayemwoza akikua. Nikamwambia, ni mimi, kwa mkono wangu huu. Katika dini yetu baba akifa babu mzaa baba ndiye walii wa binti, na ingawa sheikh angeniruhusu kuweka wakili kama ningekuwa mgonjwa, mimi sikumwahidi yule mtoto wakili. Nilimwahidi mkono wangu.

Na Jumapili, siku tano kabla ya harusi, mguu wangu wa kushoto ukaanza kuniwasha. Ulikuwa mwasho wa kawaida wa mzee aliyekauka ngozi kwa upepo wa huku kwetu, na mtu mwingine angepaka mafuta ya nazi akaendelea na mambo yake. Mimi nilikuwa zizini, na mbele ya macho yangu, juu ya ukuta, ilikuwa chupa ya dawa ya kupe, ile tunayoichanganya na maji mengi kwenye ndoo tukawanyunyizia mbuzi. Nikafikiri: dawa hii huwatuliza mbuzi mwasho, na mbuzi ana ngozi nyembamba kuliko mimi. Nikamimina kiganjani nikajipaka kuanzia chini ya goti hadi kifundo cha mguu, mbele na nyuma, kama mtu anayepaka chokaa. Maji sikuchanganya. Niliona mtu mzima hawezi kuhitaji kupunguziwa dawa kama mbuzi.

Kufikia Jumatatu asubuhi mguu ulikuwa mwekundu, umevimba, una malengelenge, na una moto kiasi kwamba nilihisi ningeweza kuuwekea birika. Mke wangu Talaso alipouona alimwita mwenye teksi.

Hospitalini alinipokea daktari kijana, mpole sana, akauminya mguu hapa na pale, akasema huenda wadudu wa ugonjwa wameingia chini ya ngozi, na wakiachwa huweza kuingia kwenye damu, kwa hiyo atanilaza, nitatiwa dawa kwa mshipa, na atasubiri neno la daktari wa ngozi. Nikauliza huyo daktari wa ngozi yuko chumba gani. Akasema yuko Nairobi, hapa Isiolo hatuna, lakini tutampigia picha ya mguu na kumtumia kwenye simu naye atatuambia la kufanya.

"Na nitatoka lini?" nikauliza.

"Akisema ni wadudu wa ugonjwa, Mzee, labda wiki moja, labda siku kumi. Mpaka yeye aseme, huendi mahali." Kisha akaniuliza, kalamu mkononi, "Kuna kitu chochote ulichopaka?"

Hapo ndipo njia zilipogawanyika, nami nikashika ile mbaya. Kwa sababu gani? Kwa sababu mwaka uliopita ndugu yangu mdogo, Boru, alimpaka mwanawe dawa hiyohiyo kichwani kwa ajili ya chawa, nami nilipopata habari nilimsimamisha mbele ya wazee wa mtaa mzima nikamwambia kwamba mtu asiyejua tofauti ya mtoto na mbuzi hafai kupewa wote wawili kuchunga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Boru aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, na tangu siku ile amekuwa akinisalimia kwa adabu kupita kiasi. Sasa mimi nitasemaje nimejipaka dawa ya kupe?

"Maji tu," nikamjibu daktari. "Maji ya udhu."

Basi nikalazwa kitanda cha saba. Jirani yangu wa kitanda cha nane alikuwa Ekai, Mturkana mmoja mwenye mifugo yake upande wa Kipsing, aliyeletwa kwa maumivu ya tumbo, ambaye tumbo lilimuuma kila saa lakini ulimi haukumuuma hata dakika moja. Jumanne ikapita nikiwa nimefungwa kwenye dripu. Jioni yake muuguzi, Sista Karimi, mama wa Kimeru mwenye sauti ya upole, akanieleza kwamba kesho baada ya chai atanipiga picha ya mguu aipeleke Nairobi.

Nililala nikiiwaza hiyo picha. Nilijua namna mnunuzi wa mbali anavyotazama: anatazama mara moja, moyo wake unakubali au unakataa, basi. Nikajiambia, daktari huyu akiuona mguu mchafu uliochakaa atasema wiki moja, na akiuona mguu uliotunzwa atasema huyu mzee anajiweza, aende nyumbani. Kwa hiyo Jumatano, kabla ya chai, nilijikokota mpaka bombani na dripu yangu mkononi, nikauosha mguu kwa sabuni ya kipande, nikarudi kitandani nikafungua kopo la samli aliloniletea Talaso nile na uji, nikauchukua mguu nikaupaka samli taratibu mpaka ukang'aa.

Ekai alikuwa amelalia ubavu ananitazama.

"Mzee," akasema, "hiyo mguu unaipeleka mnada gani?"

"Shughulika na tumbo lako," nikamwambia.

"Tumbo langu iko na adabu, haijajipaka mafuta. Nauliza tu, kwa sababu kama unauza, mimi nataka ile ingine, hii imevimba."

Sista Karimi akaja na simu ya hospitali, akapiga picha, akaitazama, akarudi nyuma hatua moja akapiga tena. "Haki, Mzee, hii mguu inang'aa kama sufuria mpya," akasema. "Umepaka nini?"

"Maji," nikasema. Uongo wa pili hauumizi kama wa kwanza, mtu huuzoea haraka.

Kabla ya adhuhuri jibu likarudi kutoka Nairobi. Daktari wa ngozi alisema haoni chochote isipokuwa mwanga, mguu wote umekuwa taa, usafishwe upigwe picha upya karibu na dirisha, na mgonjwa aulizwe tena amepaka nini. Sista Karimi aliufuta mguu kwa pamba na maji ya uvuguvugu, akanitazama kwa huruma ya namna ambayo sikuipenda, halafu zamu yake ikaisha akaenda nyumbani. Akamwachia kazi ya picha muuguzi wa zamu ya mchana, kijana anayeitwa Hassan, mzaliwa wa hapahapa mjini, mwenye heshima, ambaye alikuwa hajaniona kabla ya saa ile.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko mtu kupiga chafya. Hassan alifika kitandani mbio, ana wagonjwa wengi, akasema, "Shikamoo Mzee, wewe ndiye kitanda saba? Naomba mguu tuupige picha." Hakusema upi. Na mimi, ambaye kwa miaka yote nimekuwa nikimgeuza ngamia upande wake mzuri mnunuzi anapokuwa na shaka, niliuvuta wa kushoto ndani ya blanketi nikautoa wa kulia. Sitasema mkono wa shetani ulinisukuma. Ulikuwa mkono wangu, na nilifurahi.

Hassan akapiga picha tatu za karibu sana, zisizoonyesha wayo, akashukuru, akaondoka. Ekai alikuwa amelala usingizi. Nikajilaza chali nikaanza kupanga ni kanzu gani nitakayovaa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi niliamka nikitarajia karatasi ya kuniruhusu. Badala yake nikasikia sauti ya mkuu wa wodi kule mlangoni, na yule mama, mwembamba mwenye miwani, hapandishi sauti ila pakiwa na jambo. Akaingia na Hassan nyuma yake, na uso wa Hassan ulikuwa wa mtu aliyepoteza mifugo ya watu. Nairobi walikuwa wamejibu kwamba mguu wa picha za pili ni mzima kabisa, hauna tatizo lolote, lakini una kovu refu la zamani ambalo mguu wa picha ya kwanza, hata katika mwanga ule wote, hauna, kwa hiyo hao ni watu wawili, na swali la daktari wa ngozi lilikuwa moja: wagonjwa gani wamechanganywa, na ni nani anayetiwa dawa ya nani?

"Mimi nilipiga hapa, kitanda saba," Hassan alikuwa akisema. "Naapa, hapahapa."

Mkuu wa wodi akafunua blanketi langu upande wa kushoto, akaona ule mguu mwekundu. "Huu ndio mguu mzima, Hassan?"

Hassan akashika ukuta. Na mimi, mtu ninayewasimamisha watoto sebuleni kwa ajili ya kikombe, nilitazama dari. (Habiba ameacha kuandika ananitazama. Andika. Nilitazama dari.)

Mkuu wa wodi akasema jambo hili si la mchezo, dawa ya mtu ikiingia kwa mtu mwingine inaweza kuua, na kabla hajamaliza kumwandikia Hassan barua ya onyo anataka ajue mguu ule wenye kovu ni wa nani katika wodi hii. Akaamuru kila mwanamume anayeweza kusimama asimame karibu na dirisha, apandishe suruali au kikoi, naye apite na simu akilinganisha. Na ili kosa lisirudiwe, akatoa simu yake mwenyewe akampigia yule daktari wa Nairobi simu ya picha, ile ya kuonana uso kwa uso, awe anatazama mwenyewe.

Basi tukapangwa. Wanaume kumi na mmoja, miguu wazi, wengine na dripu zao, wengine wameshikilia ukuta, na mkuu wa wodi akipita kutoka mmoja hadi mwingine, akiinama, akitazama mbele na nyuma, akisema "geuka kidogo, Baba". Nimesimamia minada mingi maishani, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza nikiwa upande wa mifugo. Nilishusha kikoi changu mpaka kifundo cha mguu wa kulia nikapandisha upande wa kushoto peke yake, na kwa kuwa mguu wa kushoto ulishajulikana, nikapitwa. Nikapumua.

Ekai, aliyesimama ubavuni mwangu, akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Mzee, huko kulia umeficha nini, mbuzi?"

Na hapo, kwa kuwa ilikuwa imetimu saa ya kuwaona wagonjwa, mlango ukafunguliwa na wageni wakaingia, na wageni wa kwanza walikuwa wangu. Alikuwa Talaso na chakula. Nyuma yake walikuwa wazee watatu wa upande wa bwana harusi, waliofika asubuhi ile kutoka Kulamawe, wamevaa vizuri, wana bakora zao, wamekuja kumjulia hali walii wa binti. Na aliyewaongoza kwa heshima, kwa kuwa mimi sikuwepo nyumbani, alikuwa ndugu yangu Boru.

Wakasimama. Wakatazama safu ile ya miguu. Mzee wao mkubwa akasema salaam aleikum kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia.

Mkuu wa wodi alikuwa na haraka, hakungoja salamu ziishe. Akamwinulia Boru, aliyekuwa karibu naye, ile simu yenye picha, kwa sababu alikuwa amechoka na kila msaada aliona ni msaada. "Samahani, Baba, wewe mgonjwa wako yuko hapa ndani? Hebu tazama, mguu huu unaujua?"

Boru akausogeza uso kwenye simu. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

"Huo?" akasema. "Huo ni mguu wa ndugu yangu mkubwa, Galgalo. Hilo kovu ni meno ya ngamia dume, mimi nilikuwepo, ndimi niliyempiga ngamia fimbo mpaka akaachia." Kisha akanitafuta kwa macho katika safu, akanipata, akasema kwa fahari, "Si huyo hapo? Kaka, pandisha kikoi waone."

Hakusema kwa ubaya. Ndilo lililonimaliza.

Nikapandisha kikoi. Kovu likawa pale, refu, katika mwanga wote wa dirisha. Nikamsikia Ekai akivuta pumzi.

"Kumbe mguu ya kuuza ilikuwa ile ingine," akasema.

Kutoka kwenye ile simu nyingine ikatoka sauti ya mwanamke kijana, huyo daktari wa ngozi mwenyewe, ambaye mpaka saa ile nilidhani ni mzee mwenye mvi kama mimi. Akaomba simu isogezwe kwangu. Nikauona uso wake, mdogo, umri wa Kabale hasa, na nyuma yake nyuso nyingine nne au tano za madaktari wanafunzi waliojibana ili waone.

"Shikamoo, Babu," akasema. "Sasa naomba nione mguu wenyewe, ule wa kushoto, pole pole. Mzunguko mzima." Wakamwonyesha. "Na sasa viganja vyako."

Sikuelewa kwa nini anataka viganja, nikavifungua. Cha kulia kilikuwa chekundu kimebanduka ngozi, na mimi katika fujo zote zile nilikuwa nimekisahau.

Akakitazama kwa muda. "Babu, wekundu wa mguu wako unaanza chini ya goti kwa mstari, na unaishia juu ya kifundo kwa mstari. Wadudu wa ugonjwa hawatembei kwa mstari. Na wakiingia mguuni hawaendi pia kwenye kiganja cha mkono uliopaka. Homa huna, daktari wa hapo ameniandikia. Mimi naona mtu aliyejipaka kitu kikali kikamuunguza." Akasogeza uso karibu na simu. "Lakini mimi niko mbali, siwezi kunusa, siwezi kugusa. Nina macho yangu na maneno yako tu. Ukiniambia ni maji, itabidi nifuate maji, na utabaki hapo wiki nzima ukitiwa dawa. Ukiniambia kilichokuwepo, na kikiwa ninachokidhani, tutakiosha, tutakupa mafuta ya ngozi, na kesho asubuhi uende nyumbani. Nimeambiwa una harusi."

Nikawatazama wazee wa Kulamawe. Walikuwa wamekuja kumchukua binti kutoka kwa mtu ambaye sifa yake ilikuwa ukweli na ukali. Nikamtazama Hassan, aliyekuwa bado ameshika ukuta. Nikamtazama Boru. Nikafikiria kusema ni sabuni, na uongo wa sabuni ulikuwa tayari ulimini, umevaa vizuri. Lakini wakati huohuo nikamwona Kabale amekaa Ijumaa nyuma ya pazia, na kwenye mkeka, mahali pangu, amekaa wakili.

"Dawa ya kupe," nikasema.

"Sema kwa nguvu kidogo, Babu, simu inakata."

Nikaisema kwa nguvu. Wodi nzima ikaipata, na korido pia.

"Ile ya mbuzi?"

"Ile ya mbuzi."

Akaniuliza kama nilitapika, kama niliona kizunguzungu, kama macho yalitoa machozi, nikasema hapana. "Na uliichanganya na maji kiasi gani?"

"Sikuichanganya," nikasema.

 Ndipo Boru, ndugu yangu, aliyebeba maneno yangu ya mbuzi na mtoto mwaka mzima bila kunijibu, akasafisha koo lake na kusema polepole, kwa adabu ileile yake iliyozidi:

"Mimi nilichanganya, kaka."

Alianza kucheka Ekai, akashika tumbo akisema anaumia, wasimchekeshe, kisha ikafuata wodi, wakafuata wazee wa Kulamawe ambao walijitahidi kwa dakika nzima na bakora zao mdomoni. Huko Nairobi madaktari wanafunzi walitoweka mmoja mmoja kwenye kioo. Yule daktari mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimsaliti. Mke wangu Talaso hakucheka. Alikuwa akilitazama kopo la samli.

Nikamgeukia Hassan nikiwa bado nimesimama, kikoi mkononi, nikamwomba radhi mbele ya wote, nikasema picha aliipiga mahali sahihi na mguu niliubadilisha mimi, na mkuu wa wodi akaichana ile karatasi aliyokuwa ameanza kuiandika. Kisha nikamwomba radhi Boru. Hilo lilikuwa refu zaidi, na sehemu yake nimeiacha iwe yetu wawili.

Dripu ikatolewa mchana huohuo. Mguu ukaoshwa kwa maji mengi, pamoja na kiganja, nikapakwa mafuta meupe mazito, nikaambiwa nilale mguu juu ya mto. Ijumaa asubuhi yule daktari kijana wa wodi akautazama, akaona uvimbe umeanza kushuka, akaniruhusu, akaniandikia kwamba dawa ya mifugo ni ya mifugo, na akamsomea Talaso karatasi hiyo mara mbili.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaketi kwenye mkeka mbele ya sheikh, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele, umefungwa kitambaa cheupe. Kabla sheikh hajaanza, mzee mkubwa wa Kulamawe akainua mkono akasema ana swali dogo kwa walii.

"Mzee Galgalo, sisi binti tulimwona siku moja tu, na tulimwona upande mmoja, alikuwa ameketi karibu na dirisha. Tunaomba kujua kama kuna upande mwingine."

Watu wakacheka, nami nikapangusa jasho. Kutoka nyuma ya pazia walikokaa wanawake ikatoka sauti ya bibi harusi, ambaye kwa desturi alipaswa kunyamaza.

"Upo," akasema Kabale. "Ni mkali kama babu."

"Basi tumeambiwa ukweli," mzee akasema, "tuendelee."

Nikaushika mkono wa yule kijana, nikasema maneno yanayosemwa, na sauti yangu haikutetemeka mpaka nilipofika kwenye jina la mwanangu, baba yake binti. Hapo ilitetemeka, nami sikujaribu kuificha.

Nimeapa, na Habiba ameandika kiapo hiki kwa herufi kubwa: mtu mwenye ujuzi akiniuliza nimepaka nini, awe mzee au awe na umri wa wajukuu wangu, awe mbele yangu au ndani ya simu, nitamjibu kabla hajamaliza swali. Anayetutibu kutoka mbali amenyimwa pua na vidole, na mgonjwa akimnyima na kweli pia, amemfunga macho halafu anamlaumu kwa kujikwaa.

Wiki mbili baadaye yule daktari wa ngozi alinipigia ile simu ya picha, kama alivyoahidi, kuona ngozi imeponaje. Nilikuwa nimekaa barazani nimejitayarisha. Kabla hajasema neno nikamwonyesha mguu wa kushoto, nikamwonyesha wa kulia, nikafungua viganja vyote viwili, nikamwambia leo nimeoga kwa sabuni ya kipande na nimepaka mafuta aliyoniandikia na kitu kingine hakuna, Talaso ni shahidi, mwulize.

Akangoja mpaka nikamaliza vyote.

"Ngozi ni nzuri, Babu," akasema. "Nilikuwa nataka pia kuuliza kama bibi harusi hajambo."